Kusikiliza ndege wa Tabora: kuanzia shingo ya kuku hadi rekodi ya simu

Ukichinja kuku wiki hii, usikimbilie kukata vipande. Kifuani mwake kuna chombo cha sauti ambacho shuleni hupitwa kwa mstari mmoja tu. Asiyekijua hatajua kwa nini ndege mmoja husikika kama wawili, wala kwa nini wawili husikika kama mmoja.

Anza jikoni

Mnyonyoe kuku, mlaze chali, pasua ngozi ya shingo kwa urefu. Utaona mirija miwili. Ule laini unaonyumbuka, uliounganika na gole, ni umio, yaani njia ya chakula. Ule mgumu kidogo, wenye pete pete za gegedu, ni koo la hewa. Lifuate kwa kidole bila kulivuta mpaka ndani ya kifua, usawa wa juu ya moyo. Hapo linagawanyika matawi mawili, kila tawi na pafu lake. Penye panda hiyo pete zinakuwa nyembamba na katikati yake mna utando mwepesi unaopitisha mwanga ukiuelekeza dirishani. Hiyo ndiyo sirinksi, chombo chenyewe cha sauti.

Wengi hawaioni kwa sababu moja: huvuta koo kwa nguvu kama wanavyotoa matumbo, nalo hukatikia pale pale kwenye panda, sirinksi ikabaki ndani imekwanyuka. Tumia mkasi mdogo, kata mifupa ya kifua kwanza, kisha tazama kila kitu kikiwa mahali pake. Kuku aliyekufa mwenyewe usimpasue kabisa, maana hujui kama ni kideri au mafua ya ndege. Nawa mikono kwa sabuni ukimaliza.

Binadamu sauti yake hutengenezwa juu, shingoni. Ndege hutengeneza yake chini, kifuani. Ndiyo maana kuku aliyekwisha kukatwa koo anaweza kutoa mlio hewa ikisukumwa kutoka kifuani, watu wakashtuka. Hakuna mzimu hapo. Kisu kimepita juu ya chombo chenyewe.

Ukilitoa koo lote na kulipuliza kwa mrija wa soda, usitegemee sauti. Sirinksi haifanyi kazi kwa pumzi inayopita ndani peke yake. Nje yake imezungukwa na kifuko cha hewa, kimojawapo cha vifuko ambavyo kwa kawaida ni tisa mwilini mwa ndege, na shinikizo la kifuko hicho ndilo husukuma tando ziingie njiani mwa upepo. Ukishapasua kifua, kifuko kimetoboka. Kwa hiyo onyesho la watoto lifanye kwa baluni: lijaze hewa, shika mdomo wake kwa vidole viwili, uvute pembeni. Italia. Kaza zaidi, sauti inapanda, legeza, inashuka. Chukua baluni mbili, mikono miwili, kila moja kwa mkazo wake, na hapo umekwisha kuona kinachotokea kwa ndege waimbaji, kwani kila tawi la panda lina tando zake na misuli yake, na pande mbili zinaweza kutoa sauti mbili tofauti kwa wakati mmoja.

Kuku hana ufundi huo. Misuli yake ni ile inayovuta koo zima, si misuli midogo iliyoshikana na sirinksi yenyewe. Mtazame jogoo anapowika: ananyoosha shingo, anasimama wima, mwili wote umeingia kazini. Ndege mwimbaji anaweza kukaa mkao mmoja huku sauti ikipanda na kushuka, kwa sababu marekebisho yanafanyika ndani. Kwezi wa Ulaya amepimwa: misuli ya sirinksi yake inaweza kukaza na kulegea zaidi ya mara 200 kwa sekunde moja. Na pumzi? Chiriku wa kufugwa, yule wa njano, huvuta hewa kidogo sana kati ya noti na noti, hata anapotoa karibu noti 30 kwa sekunde. Ndiyo maana wimbo wake unaonekana hauna mwisho.

Kutoka kwenye sirinksi sauti inapita kooni na mdomoni, na huko husafishwa. Tazama mdomo wa ndege kwa darubini: sauti nyembamba, mdomo wazi zaidi, sauti nzito, mdomo karibu kufumba. Tetere amekwenda mbali zaidi. Yeye hulia mdomo ukiwa umefungwa kabisa, akijaza umio hewa mpaka shingo inatuna kama amemeza limau, na shingo hiyo iliyotuna ndiyo inayoacha ile sauti ya chini ipite na kuzuia nyingine. Ukimwona tetere mwenye mdomo wazi wakati unasikia mlio wa njiwa, tafuta tetere mwingine. Anayelia si huyo.

Sauti nyingine hazina uhusiano na koo. Kwenye mbuga za nyasi nje ya mji kuna ndege mdogo wa kahawia, wa jamii ya kipozamataza, anayepanda juu sana na kutoa mtatariko mfupi kama bendera iliyopigwa na upepo. Ni mabawa hayo. Korongo nyangumi wa mabwawa ya Malagarasi naye hugonganisha mdomo wake mkubwa.

Kuwika, kutetea, kulia

Kiswahili kimeshatenganisha kazi hizi kabla ya wataalamu: jogoo huwika, mtetea hutetea, kifaranga hulia. Ufanye uwanja wa nyumbani kuwa darasa la kwanza. Alfajiri hesabu majogoo wa mtaa na uandike nani anaanza. Watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2013 kwamba jogoo huwika kwa saa iliyo ndani ya mwili wake, hata akiwekwa mahali pasipo na mwanga wa kumwamsha. Na mwaka 2015 kwamba katika kundi moja mwenye cheo cha juu huanza, wengine wakafuata kwa ngazi zao. Mchana sikiliza mwewe anapopita juu: kuku hutoa mlio mrefu mwembamba, kisha kimya. Akija mbwa au nguchiro, mlio ni wa kukatakata, wa kelele. Ni maonyo mawili tofauti, na vifaranga wanayaelewa yote mawili.

Ndege wa porini hugawanyika vivyo hivyo. Mlio ni mfupi, hutolewa na dume, jike na makinda, mwaka mzima, kwa jambo la wakati ule: hatari, njaa, "niko hapa". Wimbo ni mrefu, una mpangilio unaorudiwa, mara nyingi kutoka kwenye tawi lile lile lililo wazi, na huzidi msimu wa kujenga kiota. Kazi zake kubwa ni mbili: kutangaza mipaka na kuvuta mwenzi. Jogoo wa shamba hawiki mjini, na porini methali hiyo inakaribia kuwa sheria; dume aliyeingia eneo la mwenzake mara nyingi hupita kimya. Jaribio la John Krebs huko Oxford, miaka ya 1970, lilikuwa rahisi kueleweka: aliondoa madume msituni, baadhi ya nafasi zao akaweka vipaza sauti vinavyocheza nyimbo zao, nyingine akaziacha tupu. Nafasi tupu zilivamiwa kwanza.

Ukisoma vitabu vya Ulaya utaambiwa anayeimba ni dume. Hapa kwetu usikubali haraka. Uchunguzi wa mwaka 2014 uliolinganisha ndege waimbaji wa dunia nzima ulikuta majike wanaimba katika asilimia 71 ya spishi zilizokuwa na taarifa, na hali hiyo ni ya kawaida zaidi ukanda wa joto. Mfano ulio karibu ni tiva: mweusi mgongoni, tumbo jeupe, mstari mweupe bawani, hupenda vichaka vizito na bustani zenye miembe. Mmoja hupiga noti kama kengele, mwenzake hujibu ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, nawe unaandika "ndege mmoja". Ili kuwatenganisha, sogea polepole mpaka mmoja awe kushoto kwako na mwingine kulia. Ukiwarekodi, simama karibu katikati yao. Sauti husafiri kama mita 34 kwa kila sehemu ya kumi ya sekunde, kwa hiyo mmoja akiwa mita 34 mbali zaidi, jibu lake litaonekana limechelewa kwa 0.1 ya sekunde, na utadhani wamekosana wakati wamepatana barabara.

Kujifunza nako kumegawanyika. Kuku, njiwa na dudumizi huzaliwa na sauti yao. Ile ya dudumizi, kama maji yanayomiminwa kutoka chupa yenye shingo nyembamba, haifundishwi. Ndege waimbaji na kasuku hujifunza kwa kusikia. Miaka ya 1950 huko Cambridge, William Thorpe alilea chiriku wa Ulaya bila kuwasikilizisha wakubwa wao, na walipokua wakaimba kitu chenye urefu unaokaribia ule wa kawaida lakini kisicho na ufundi. Kinda husikiliza kwanza, kisha hubwabwaja kwa sauti ya chini kwa wiki kadhaa, kisha wimbo hukaa sawa. Kwa hiyo ukisikia wimbo unaoufahamu lakini umevurugika, mwembamba, kutoka ndani ya kichaka, usiandike spishi mpya. Ni kijana.

Kelele za shore nazo zina faida kwa msikilizaji. Wakikusanyika kumi na zaidi juu ya tawi moja wakipiga kelele za kukwaruza, tazama chini yao: kuna nyoka, paka au bundi. Mlamba akiingia kwenye kelele hizo, jihadhari na hitimisho lako. Tom Flower alionyesha mwaka 2014, kwa ndege wa Kalahari, kwamba mlamba huiga vilio vya hatari vya wengine ili wakimbie na kumwachia chakula.

Saa na msimu

Saa ya Tanzania ni moja lakini jua si moja. Tabora jua huchomoza karibu saa 12:25 asubuhi mwanzoni mwa Novemba na karibu saa 12:58 mwishoni mwa Julai. Kigoma ongeza kama dakika 13. Anayefuata ratiba ya Dar es Salaam atafika gizani na kudhani ndege wamekataa. Kaa mahali pako dakika 45 kabla ya jua. Wa kwanza kati ya waimbaji huwa kurumbiza, yule mwenye nyusi nyeupe na kifua cha rangi ya chungwa: huanza chini chini, anarudia, anaongeza nguvu mpaka mtaa mzima unasikia. Shore na tetere hufuata. Alfajiri hewa imetulia, mwanga bado hautoshi kutafuta wadudu, na aliyeishi hadi asubuhi ana sababu ya kuwatangazia majirani kwamba eneo bado lina mwenyewe.

Miombo huchipua majani mapya Septemba na Oktoba, kabla ya mvua, na wadudu huja na majani hayo. Huo ndio wakati wa nyimbo nyingi msituni. Kekeo kifua-chekundu, mwenye noti tatu zinazoshuka, husikika zaidi mvua zinapokaribia na kuanza. Kwera na ndege wengine wanaotegemea nyasi hungoja mpaka mvua ikolee. Juni na Julai msitu huwa kimya kwa kiasi. Ukianza mafunzo mwezi huo utakata tamaa bure.

Kurekodi kwa simu

Kabla ya kununua kipaza sauti, punguza umbali. Kila ukipunguza umbali kwa nusu, sauti huongezeka kwa desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti): kutoka mita 20 hadi 5 umepata 12 bila kutoa hata senti. Hatua tano mbele, simama, ngoja aimbe tena, hatua tano nyingine. Akianza kutoa milio mifupi ya wasiwasi, umevuka, rudi.

Tumia programu yoyote inayohifadhi faili la WAV, yaani sauti isiyobanwa, na kwenye mipangilio yake chagua 48 kHz, biti 16, mono. Faili hilo hula karibu MB 5.8 kwa dakika, kwa hiyo safisha nafasi mapema. Usitumie kitufe cha ujumbe wa sauti cha WhatsApp: kimetengenezwa kwa maneno ya watu, na kinachoonekana kwake kuwa kelele ndicho unachokitafuta. Zima kupunguza kelele na kurekebisha sauti kiotomatiki kama programu inaruhusu. Weka simu kwenye hali ya ndege (jina zuri kwa kazi hii), kwani ujumbe mmoja ukiingia umeharibu dakika nzima. Kipaza sauti cha simu nyingi kiko chini, karibu na tundu la chaji. Elekeza upande huo kwa ndege, si kioo. Usishike simu huku vidole vikicheza kwenye kava. Iegemeze kwenye jiwe au panda ya tawi. Upepo ukianza, mara nyingi kuanzia saa 3 asubuhi wakati wa kiangazi, funika tundu kwa kipande cha sponji ya godoro chenye unene wa sentimita 1 au 2. Mkono haufai: unazuia upepo na ndege pia.

Kiwango cha sauti kisigonge mwisho. Kwenye kipimo cha programu, ambako mwisho ni 0, vilele vikae kati ya desibeli -12 na -6. Vikifika 0 sauti imepasuka na hakuna programu itakayoirudisha. Rekodi dakika moja hadi tatu mfululizo, usikate kati ya wimbo na wimbo, kwa maana ule ukimya ni sehemu ya wimbo. Mwishoni, bila kuzima, sema kwa sauti ya kawaida: tarehe, saa, mahali, umbali unaokisia, kama ulimwona, alikuwa anafanya nini. Ukiahidi kuandika baadaye hutaandika. Katikati ya mji, fanya kazi baada ya adhana ya alfajiri na kabla bodaboda hazijaanza. Nafasi hiyo ni ndogo lakini ipo.

Kuisoma sauti kwa macho

Fungua faili kwenye Audacity, programu ya kompyuta ya bure, na kwenye menyu ya wimbo (track) uchague spektrogramu, yaani picha ya sauti. Muda unakwenda kulia, na kadiri sauti ilivyo nyembamba ndivyo inavyokaa juu, ikipimwa kwa Hz, yaani mitetemo kwa sekunde (kHz 1 ni Hz 1,000). Weka kikomo cha juu kHz 10. Mluzi safi ni mstari mwembamba. Mtatariko ni vijiti vilivyosimama. Kelele ya kukwaruza ni ngazi za mistari zilizopangana kwa nafasi sawa. Ukiona mistari miwili kwa wakati mmoja ambayo haipandi pamoja wala haina uwiano wa 1 kwa 2 au 2 kwa 3, huenda umepata pande mbili za sirinksi, au ndege wawili. Rudi kwenye maneno yako ya mwisho wa rekodi uone ulimwona mmoja au wawili.

Ndege wengi wadogo hukaa kati ya kHz 2 na 8, tetere chini ya kHz 1, na mumbi, yule mweusi mkubwa anayetembea ardhini, huguruma chini ya Hz 300. Hapo ndipo wengi hujikwaa: wanakata sauti zote za chini ili kuondoa injini na upepo, na mumbi anaondoka nazo. Chuja kwenye nakala, asili iache ilivyo. Milio ya chozi iko juu sana, na mzee ambaye masikio yamechoka anaweza kuiona kwenye kioo asiisikie kabisa. Muulize mtoto wa miaka kumi kama kuna kitu kinalia.

Merlin na BirdNET, programu za simu zinazotambua ndege kwa sauti, hukupa jina la kuanzia. Zimefunzwa zaidi kwa ndege wa Ulaya na Marekani kuliko wa miombo, kwa hiyo jina lisilokuwa na macho yako nyuma yake liandike kwa alama ya kuuliza. Faili zuri unaweza kulipeleka Xeno-canto, hazina ya sauti za ndege iliyoanzishwa Uholanzi mwaka 2005, pamoja na maelezo uliyoyasema.

Mwito usio wimbo

Warina asali wa Sikonge na Urambo wanamjua ndege mwonyesha asali kuliko kitabu chochote. Ana sauti mbili ambazo wageni huzichanganya. Ya kwanza ni wimbo wa dume: noti mbili zinazorudiwa kutoka kwenye mti mmoja, hata miaka na miaka. Huo si wa kukuita. Ukikaa chini ya mti huo ukingoja asali utangoja sana. Ya pili ni mtatariko usiokatika, kama kiberiti kilichobaki njiti chache kikitikiswa, huku ndege akiruka mti hadi mti na kuonyesha weupe wa pembeni mwa mkia. Huo ndio mwito. Mfuate, msemeshe, usikimbie. Akinyamaza na kukaa, acha kumtazama yeye. Tazama matundu ya miti na anga yenye mwanga nyuma yake, utaona nyuki wakipita. Anachongoja ni nta na majana.

Utafiti wa Claire Spottiswoode na Brian Wood, uliotoka mwaka 2023, ulilinganisha Wahadza wa Tanzania wanaopiga mluzi na Wayao wa Msumbiji wenye mguno wao maalumu. Ndege wa kila eneo waliitikia zaidi mwito wa wenyeji wao. Ukitaka kumwita, basi, jifunze kwa warina wa kijiji hicho hicho, si kwenye video ya mahali pengine.

Kuchezea ndege rekodi ya wimbo ili atoke ni jambo jingine. Mwenye eneo hudhani amevamiwa, huacha kula, huacha kiota, anakuja kupigana na simu. Ikibidi kwa ajili ya kumtambua, cheza sekunde 20, ngoja dakika tano, rudia mara moja, basi. Usifanye hivyo karibu na kiota, na ndani ya hifadhi muulize kwanza askari wa wanyamapori. Tiva akija kimya na kukaa karibu bila kuimba, zima simu, hajavutiwa, anakutafuta.